Sekunde 30 za Kukaa Kimya: Mwalimu Asiyeona Alivyojiwekea Mfumo Mwenyewe

"Leo sikuja kupigiwa," Mwalimu alisema hata kabla hajakaa. "Leo napiga mwenyewe. Wewe fundi utakaa pembeni, mikono mapajani, usiguse kitu."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Tanga. Mwalimu haoni kabisa. Anafundisha Historia na Kiswahili sekondari, na laptopu yake ndiyo daftari lake, ubao wake na kabati lake la mitihani. Alikuja na kijana wa kidato cha tatu aliyemvusha barabara. Akampa nauli ya kurudia, akaipapasa meza mpaka akaipata soketi ya umeme, akachomeka chaja, akaanza kazi.

Kwa wasio wa kazi hii, mtaani tunasema "kupiga Windows" tukimaanisha kuisafisha diski na kuweka mfumo endeshi upya. Unachomeka flashi, unawasha, unachagua lugha, unagawa diski, unaandika jina na nywila, unasubiri. Kwa anayeona haizidi saa moja. Kwa asiyeona, kazi hiyohiyo kwa miaka mingi imekuwa na jibu moja tu: tafuta mwenye macho. Mimi nilikaa pembeni kama nilivyoamriwa, nikaandika kila mahali Mwalimu alipokwama na kila mahali alipopita. Alikokwama siko nilikokutegemea, na ndiyo maana nakiandika kisa hiki.

Kwanza niseme kwa nini aligoma kupigiwa, kwa sababu mimi nimo ndani yake. Miaka miwili nyuma nilimpigia laptopu hiyohiyo. Nikaweka Windows, nikaipa jina la mtumiaji nililozoea kuwapa wateja wote, nikaweka nywila yangu ya kawaida, nikajaribu sauti kwa kucheza wimbo, nikafunga. Sikuweka kisoma skrini, yaani programu inayoyasoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini. Alifika nyumbani, akawasha, kimya. Alikaa na kompyuta bubu siku mbili mpaka mpwa wake alipotoka Muheza kuja kumwekea NVDA, kisoma skrini cha Windows. Na nywila ya mitihani ya kidato cha nne, kwa muda wote ule, nilikuwa naijua mimi. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kubwa kuliko nilivyolielewa wakati huo. Mwalimu alinieleza kwa sauti ya chini, hakukasirika: "Kila nikipigiwa, narudi nyumbani na kompyuta ya mtu mwingine."

Safari hii kilichomleta kilikuwa tarehe. Windows 10 iliishiwa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu yake ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 5, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, tena inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo mashine ambayo bado inafanya kazi vizuri ilikuwa imeambiwa basi. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba Debian, mfumo wa Linux wa bure, huweza kuwekwa na asiyeona mwanzo hadi mwisho. Alitaka kuona, na hilo neno "kuona" alilitumia yeye.

Ugumu wenyewe ni wa mpangilio. Kisoma skrini ni programu kama programu nyingine. Ili isome lazima iwe imewaka, ili iwake lazima mfumo endeshi uwe umeshika usukani, na ili sauti itoke lazima draiva, programu inayoiendesha kadi ya sauti, iwe imepakiwa. Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopo. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama, ile tuliyozoea kuiita BIOS, siku hizi UEFI. Hiyo inajua kuandika kwenye skrini na kusikiliza kibodi. Kuongea haijui. Baada yake inakuja menyu ya kuchagua cha kuwasha, kisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, kisha madraiva, ndipo sauti. Mfumo hausemi mpaka uwekwe, na asiyeona hawezi kuuweka mpaka useme.

Kampuni zilizoamua kulifungua fundo hili zimelifungua, kila moja kwa wakati wake. Apple iliweka kisoma skrini chake, VoiceOver, ndani ya mfumo wa Mac mwaka 2005. Yeye hutengeneza ubao na mfumo pamoja, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi kwake kuliko kwa wengine. Microsoft ilikuwa na kisoma skrini chake, Narrator, tangu Windows 2000, lakini kuisikia ndani ya kisakinishi chenyewe, kwa kubonyeza Control, kitufe cha Windows na Enter, kulikuja kwenye Windows 10 mwaka 2017. Hesabu hapo katikati ni miaka mingapi. Kisoma skrini kilikuwepo. Ila kiliwekwa sebuleni, na mlango wa kuingilia nyumba ukabaki umefungwa.

Debian ilikuwa imeshautatua kabla ya hapo. Toleo lake la 7, la Mei 2013, lilitangaza wazi kwamba mfumo unaweza kuwekwa kwa sauti, hasa na watu wasioona ambao hawatumii kifaa cha nukta nundu. Sisitizo hilo la mwisho lina uzito kwetu. Kifaa cha nukta nundu cha kuunganisha kwenye kompyuta, kile chenye vijipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, bei yake ingenunua laptopu kama ya Mwalimu mara kadhaa. Debian inakitambua kikichomekwa kwa USB bila kuulizwa, na hilo ni jema, lakini kwa walimu ninaowafahamu mimi njia ni sauti, au hakuna njia.

Namna ilivyofanyika inanifurahisha kama fundi. Ndani ya kerneli ya Linux kuna kisoma skrini kiitwacho Speakup. Kwa kuwa kinakaa ndani kabisa ya mfumo, hakisubiri dirisha wala eneokazi. Maandishi yakitokea kwenye skrini ya maandishi matupu, kinayachukua. Kinayapeleka kwa eSpeak, programu ndogo sana ya kutoa sauti, ambayo lugha zake ni nyingi na Kiswahili kimo. Sauti yake ni ya kimashine, kama mtu anayesemea ndani ya kopo, lakini inaenea mahali padogo na inajibu papo hapo. Speakup kwa miaka karibu kumi kilikaa kwenye fungu la kerneli la vitu visivyoiva. Kilitolewa huko na kuingizwa kwenye sehemu rasmi mwaka 2020. Samuel Thibault, ambaye kwa muda mrefu amekuwa nguzo ya kazi ya ufikivu ndani ya Debian, ana mkono wake mkubwa katika safari hiyo yote.

Sasa turudi mezani.

Flashi alikuwa ameiandaa mwenyewe nyumbani, akiongozwa na NVDA: faili moja la Debian 13, la ukubwa usiofika GB 1, likaandikwa kwenye flashi ya GB 16. Tatizo la kwanza lilikuwa kuiambia mashine iwake kutoka kwenye flashi. Kawaida yetu mafundi ni kuwasha na kugongagonga F12, au F9, au Esc, kutegemea mtengenezaji, mpaka menyu itokee. Menyu hiyo ni ya UEFI, ni bubu, na mpangilio wake hubadilika kila ukichomeka kitu. Nilidhani hapo ndipo nitaitwa.

Hakuniita. Windows yake ya zamani ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo aliitumia kama ngazi. Alishikilia Shift, akachagua kuwasha upya. Windows ikajizima na kurudi kwenye ile menyu yake ya buluu ya matengenezo. Akabonyeza Control, Windows na Enter. Narrator ikaanza kuongea. Akashuka mpaka mahali pa kutumia kifaa, akaisikia flashi yake ikitajwa kwa jina, akabonyeza Enter. Mimi nimekuwa fundi miaka kumi na mmoja na sijawahi kumwelekeza mteja yeyote asiyeona njia hiyo, kwa sababu vidole vyangu vilikwishazoea F12. Ukuta wa UEFI haukuvunjwa, aliuzunguka. Ila ngazi hiyo inahitaji mfumo wa zamani uwe hai. Diski ingekuwa imekufa, tungekuwa na kisa kingine.

Baada ya hapo ikaja sehemu iliyotuchelewesha kuliko zote, nayo ni ya sekunde chache.

Menyu ya Debian ikifunguka, kompyuta inatakiwa ilie: mlio mmoja kwenye mashine za BIOS ya kizamani, milio miwili kwenye UEFI. Huo mlio ndio unaomwambia asiyeona kwamba sasa yuko mlangoni. Abonyeze herufi s kisha Enter, na usakinishaji wa sauti unaanza. Ni utaratibu mzuri, wa herufi moja, hauhitaji kuhesabu mishale. Mwalimu aliujua. Akakaa, sikio limeelekea kwenye kibodi, akasubiri mlio.

Mlio haukuja. Skrini niliiona mimi, menyu ilikuwa wazi, kila kitu kiko sawa. Lakini mlio ule hutolewa na kile kispika kidogo cha ubao mama ambacho kompyuta za mezani za zamani zote zilikuwa nacho, na laptopu nyingi siku hizi hazina, au zinacho kwa jina tu. Kispika cha muziki kilikuwepo na kilikuwa kizima, ila kwa wakati ule hakuna draiva iliyokwisha kukiamsha.

Nilifungua mdomo, akaniinulia kiganja. Alisubiri kidogo, akaona kimya kimezidi, akabonyeza Enter kuona kama kuna kitakachotikisika. Hapo ndipo alipopotea. Mstari wa kwanza wa menyu ni usakinishaji wa kutumia picha na kipanya. Enter ikauchagua. Ukafunguka ukurasa mzuri wa kuchagua lugha, wenye rangi, usiosema neno. Angeweza kukaa pale mpaka magharibi.

"Fundi, nimeharibu?"

"Hapana, Mwalimu. Umeingia mlango wa pili."

Akazima kwa kukishikilia kitufe, akarudia. Safari hii ngazi ya Windows ilikuwa ileile. Na hapa ndipo niliporuhusiwa kusema jambo moja, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye skrini mbele yangu na yeye hakuwa na namna ya kulijua: menyu yenyewe ilikuwa inahesabu. Ukiiacha bila kubonyeza chochote, baada ya sekunde 30 inaanza usakinishaji wa sauti yenyewe. Debian waliweka hivyo wakijua kwamba mlio hautasikika kwenye kila mashine. Anayeona atabonyeza kitu, maana anaona menyu. Asiyebonyeza kitu, kuna uwezekano mkubwa haioni. Waliamua kwamba kimya cha mtu kichukuliwe kuwa ombi la sauti.

Sijui kama kuna uamuzi mwingine kwenye kazi hii ninaouheshimu kuliko huo. Kwenye mifumo mingi, anayeachwa bila kujibu hupewa kile kinachowafaa walio wengi. Hapa aliyeachwa bila kujibu ndiye aliyefikiriwa kwanza. Lakini uzuri huo una shimo lake, na Mwalimu alitumbukia: mtu mwenye wasiwasi hubonyeza. Kimya kikizidi, mkono hauwezi kutulia. Na ukibonyeza mara moja tu, hesabu inasimama na hairudi. Kwa hiyo maelekezo ninayowapa watu sasa huanza na hilo. Ukiwasha, kaa. Usiguse. Hesabu mpaka sitini, kwa sababu kuna muda wa mashine yenyewe kuamka kabla ya hizo 30 kuanza.

Mwalimu alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Alipofika hamsini na kitu, kispika kikakohoa, kisha kikasema Kiingereza cha kopo. Mwalimu akacheka kwa furaha, akapiga meza kofi moja.

Lakini hata hiyo sauti nusura tuikose. Laptopu ile ina kadi mbili za sauti: moja ya spika zake, nyingine ya tundu la HDMI, la kupeleka picha na sauti kwenye televisheni. Hakuna televisheni iliyochomekwa. Programu isiyojali ingeweza kuchagua kadi ya kwanza na kuisomea HDMI risala nzima bila mtu kusikia. Kisakinishi cha Debian kikikuta kadi zaidi ya moja kinaongea kwenye kila kadi kwa zamu, kikisema: ukinisikia hapa, bonyeza Enter. Mwalimu alisikia, akabonyeza, na kuanzia hapo sauti ikatulia pale pale. Angekuwa amebonyeza Enter sekunde chache kabla, angekuwa amechagua televisheni isiyokuwepo. Ni rahisi kulisahau jambo hili ukiwa na macho. Mimi sauti ya kompyuta ikikataa, naona alama ya spika imekatwa msalaba, narekebisha. Yeye sauti ikikataa hana hata mahali pa kuanzia.

Kwenye laptopu mpya zaidi kuna kikwazo kimoja zaidi ambacho yeye kilimpitia pembeni. Kadi nyingi za sauti za siku hizi haziamki mpaka zipewe faili dogo kutoka kwa mtengenezaji, na mafaili hayo si huria. Kwa msimamo wake wa programu huria, Debian ilikuwa haiyaweki kwenye flashi yake rasmi. Matokeo yake, asiyeona mwenye laptopu mpya alipata kisakinishi chenye kipaji cha kuongea na koo lililofungwa. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kubadili utaratibu huo, na toleo la 12, la Juni 2023, likaja na mafaili hayo ndani. Najua wapo waliohuzunika, na hoja yao si ya kupuuza. Kwangu mimi, mfumo unaomtaka mtu awe na macho ili auingie haujawa huru kwake.

Ndani ya kisakinishi, mambo yalikwenda kwa namna ambayo ingemshangaza anayedhani kwamba kumsaidia asiyeona ni kuisomea sauti skrini ileile. Skrini haikuwa ileile. Debian inapoingia kwenye sauti, inaacha masanduku na mishale na kuwa mazungumzo ya maandishi: swali, kisha majibu yenye namba, unaandika namba, Enter. Swali la kwanza, la lugha, huulizwa kwa Kiingereza. Yanayofuata hufuata lugha uliyochagua. Mwalimu alibaki na Kiingereza. Ukitaka kurudi nyuma unaandika alama ya mshale wa kushoto, ile ya "ndogo kuliko". Ni kama kujibu mtihani wa kuchagua, na Mwalimu amesahihisha mitihani ya kuchagua maisha yake yote.

Alipofika kwenye diski, niliacha kuandika nikatazama. Kisakinishi kilitaja diski mbili, kikapita mbio: herufi, namba, mabano, jina la kiwanda. Moja ilikuwa diski ya laptopu. Nyingine ilikuwa flashi yenyewe tuliyowakia. Ukikosea hapo, unaifuta flashi katikati ya kazi. Mwalimu hakujibu. Alishikilia Caps Lock, akabonyeza herufi i, Speakup kikausoma tena mstari uliopo. Kisha u, mstari wa juu yake. Kisha akautafuna neno kwa neno, j kurudi, l kwenda mbele, mpaka akaipata namba aliyoitaka: mia tano nukta moja, GB. Akarudi kwenye mstari mwingine, akasikia kumi na sita. "Hii ya kumi na sita ni flashi yangu," akasema, akajibu kwa namba ya ile nyingine. Swali la mwisho kabla ya kufuta, jibu linalongoja tayari ni hapana. Ukibonyeza Enter kwa haraka, hakuna kinachoharibika. Alirudia kulisikiliza mara mbili, akaandika moja, ndiyo.

Ilipofika nywila akasema, "Geuka, fundi."

Nikageuka, nikautazama mlango wa kibanda na bodaboda zinazopita. Nyuma yangu nikasikia vitufe, kisha kopo likamwomba airudie, kisha vitufe tena. Halikutamka hata herufi moja ya nywila. Hadi leo siijui, na sidhani kama kuna kipimo bora cha kazi ile kuliko hicho.

Kuna pahala pamoja ambapo Mwalimu alirudi nyuma, na hapo sikufurahi. Alitaka diski nzima ifungwe kwa usimbaji, ili laptopu ikiibwa mitihani isisomeke. Debian inalo chaguo hilo na linawekwa kwa kubonyeza namba tu. Lakini diski iliyofungwa huuliza nywila yake mapema sana mashine inapowaka, kabla mfumo haujafunguliwa, na kwa hiyo kabla ya sauti. Kila asubuhi angekaa mbele ya swali asilolisikia, aandike nywila ndefu gizani, na akikosea herufi asiambiwe. Kwenye mashine yenye kile kispika cha ubao mama kungekuwa na ujanja: GRUB, ile programu ya menyu inayouwasha mfumo, inaweza kupewa wimbo mfupi wa kupiga inapoanza, kwa mpangilio uitwao GRUB_INIT_TUNE, na ukajua umefika wapi. Yake haina.

Tulishauriana. Hatimaye aliuacha mfumo wazi, akatenga sehemu ya GB 50 kwa ajili ya mitihani, na hiyo peke yake ndiyo ikafungwa kwa nywila. Anaifungua baada ya kuingia, wakati kisoma skrini kimeshaamka. Inafanya kazi. Lakini ukitazama kwa makini, barua zake, picha zake na kila alichoandika nje ya sehemu hiyo vinasomeka na yeyote atakayeichomoa diski. Mwenzake anayeona, chumba cha pili cha walimu, anapata ulinzi kamili kwa kubonyeza kitufe kimoja. Asiyeona analipa kwa usalama wake kwa sababu tu swali la nywila linakuja mapema kuliko sauti. Hili bado halijatengemaa, na ningependa wanaotengeneza mifumo walichukue kwa uzito uleule waliouchukulia usakinishaji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataka teknolojia ya habari na mawasiliano ifikiriwe kwa ajili ya watu hawa tangu hatua za mwanzo za kubuni, ili gharama iwe ndogo. Kabla ya Jumamosi ile, maneno "hatua za mwanzo" nilikuwa nayaelewa kama mipango na vikao. Sasa nayaelewa pia kama zile sekunde za kwanza baada ya kidole kutoka kwenye kitufe.

Vifurushi vilishuka kwa bando la simu yake, saa moja na nusu hivi. Alichagua eneokazi la MATE, akaenda msikitini swala ya adhuhuri, akarudi. Kisakinishi kikamwambia kimemaliza, achomoe flashi. Kukawa na kimya tena, kile cha kawaida cha mashine kuamka, na nikamwona anashika ukingo wa meza. Kisha Orca, kisoma skrini cha eneokazi, kikaongea kwenye ukurasa wa kuingilia. Debian inapowekwa kwa sauti, huuhamisha mpangilio huo kwenda kwenye mfumo mpya. Haikungoja mtu aukumbuke. Aliandika jina lake. Akaandika nywila. Akaingia.

Alilipa, ingawa nilikataa. Alisema analipia kiti.

Wiki ya tatu alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Fundi, imenyamaza." Umeme ulikuwa umekatika usiku na betri ya laptopu ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza imewaka? Feni inazunguka, akasema, lakini nimehesabu mpaka mia mbili. Nilifikiri kidogo, nikakumbuka umri wa ile mashine. Ndani yake kuna kile kibetri cha duara, kama sarafu, kinachotunza saa na mipangilio ya UEFI. Kikiisha, mashine ikiwaka baada ya kukosa umeme hupoteza tarehe, husimama, na kuandika kwenye skrini kwamba bonyeza F1 uendelee. Inaandika tu.

"Mwalimu, bonyeza F1."

Nikasikia kitufe. Nikasikia pumzi yake. Kisha, mbali kidogo na simu, ile sauti ya kopo.

Kibetri kipya nilimpelekea shuleni siku hiyohiyo.